Jackie Coogan: mutoto aliyechekesha dunia, mukubwa aliyekosa wa kuchekesha

Kwetu nani asiyemujua Charlot? Hata mutoto asiyeingia masomo anajua kofia yake nyeusi, fimbo yake, viatu vyake vikubwa na kutembea kwake sawa bata. Lakini mu filme moja, kando ya Charlot kuna mutoto mudogo wa kofia kubwa na suruali ya matobo. Sura ya ule mutoto watu wanaikumbuka, jina wamelisahau. Aliitwa Jackie Coogan.

Leo tunasimulia maisha yake. Si juu ya sinema tu. Mu maisha yake kuna mambo mawili yanayotuhusu sisi wote tunaokula jasho. La kwanza: mutoto akitumika, feza ya kazi yake ni ya nani? La pili: mutu aliyepata sifa yote asubuhi, atafanya nini mangaribi, wakati watu wanamuangalia na kutafuta ndani yake ule wa asubuhi?

Mutoto wa watu wa jukwaa

Jackie alizaliwa tarehe 26 Oktoba 1914 ku Los Angeles, Marekani. Jina lake kamili lilikuwa John Leslie Coogan, sawa baba yake, naye John. Baba alikuwa mucheza dansi na muchekeshaji wa jukwaa, akizunguka na kazi yake muji kwa muji. Mama yake, Lillian, naye alikuwa wa ile kazi. Mutoto alikomalia nyuma ya pazia, kati ya masanduku na taa. Alikuwa hajafika miaka 3 wakati sura yake ilionekana mara ya kwanza mu filme, mu mwaka wa 1917.

Mwaka wa 1919 Charles Chaplin, ule tunayemwita Charlot, aliingia mu teatre moja ya Los Angeles. Baba Coogan alikuwa anacheza, na ku mwisho akamuleta mutoto wake mbele ya watu. Kitoto kikacheza dansi, watu wakapiga makofi. Chaplin alikuwa na huzuni mu ile miezi: mutoto wake wa kwanza alizaliwa na kufa kisha siku tatu tu. Akamuangalia Jackie, akaona kitu. Huyu mutoto, ukimuonyesha jambo moja, analirudilia sawasawa, kwa mikono, kwa macho, kwa mabega. Chaplin akamupa kwanza nafasi ndogo mu filme fupi, A Day's Pleasure. Kisha akaanza kazi kubwa: The Kid, ile ambayo kwa Kifaransa tunaiita Le Kid.

Kazi ile ilikula zaidi ya miezi tisa. Chaplin hakuwa mutu wa haraka. Alikuwa anarudilia jambo moja mara makumi, mupaka linyooke. Hadisi ni nyepesi. Mwanamuke masikini anamuacha mutoto wake mudogo. Charlot anamuokota, anamukomalisha mu chumba kibovu. Mutoto akifika miaka mitano, wanatumika pamoja: mutoto anatupa majiwe na kuvunja vioo vya madirisha, kisha Charlot anapita njiani na vioo vipya mugongoni, kama kwa bahati, kuvitengeneza. Watu walicheka mupaka machozi. Kisha machozi yenyewe yakaja, wakati watu wa nyumba ya yatima wanakuja kumukamata mutoto na kumutupa mu motokari, naye analia na kunyoosha mikono kwa baba yake wa kuokota.

Juu ya kile kilio, Chaplin aliandika mu kitabu cha maisha yake jambo ambalo halipendezi. Jackie alikuwa na furaha ile siku, machozi hayakuja. Baba yake akamuchukua pembeni, akamwambia kama hatalia, watamutoa ku studio na kumupeleka kweli mu nyumba ya masikini. Mutoto akalia kweli. Ule ndio ukiwa ambao dunia yote iliona ku kitambaa cheupe. Mara baba akamubeba na kumutuliza. Tuliweke hili mu akili, tutarudi kwake.

Feza sawa mvua

Filme ilitoka mwanzo wa mwaka wa 1921. Jackie alikuwa na miaka 6. Mu miezi michache jina lake likapita mipaka. Kwa wakati ule sinema haikuwa na sauti, basi haikuhitaji kutafsiriwa: kilio cha mutoto ni kimoja ku Paris, ku Bruxelles, ku Bombay.

Baba akaacha jukwaa, akawa mwenye kusimamia kazi ya mwana. Filme zikafuatana: Peck's Bad Boy mu 1921, Oliver Twist mu 1922, Circus Days mu 1923. Mu 1924 alicheza A Boy of Flanders, hadisi ya mutoto masikini wa Flandre, ule upande wa Ubelgiji ambao wazee wetu walijua watu wake wengi ku kazi. Mu 1923 kompani ya Metro ilitaka kumutoa ku kompani ya kwanza. Walilipa dolare 500,000 juu ya kutia sahihi peke yake, mbele ya kazi yoyote kuanza. Tupime kidogo: mutoto wa miaka 8, dolare nusu milioni, na dolare ya wakati ule ilikuwa na uzito kuliko ya leo mara nyingi.

Tena kulikuwa vitu vya kuuzisha. Sanamu za kuchezea zenye sura yake, madaftari, filimbi, hata siagi ya karanga, vyote na jina lake. Duka zilijaa Jackie. Na Jackie mwenyewe alikuwa anapokea nini? Wazazi walimupa dolare 6 na senti 25 kwa juma, za kununua tamutamu.

Tusiseme hakufanya mema. Mu 1924 chama cha Near East Relief kilikuwa kinakusanya chakula na nguo juu ya yatima wa Waarmenia na Wagiriki, watoto ambao vita na mauaji yaliwafukuza kwao. Jackie alizunguka Marekani, akiomba watoto wenzake walete maziwa ya kopo na nguo. Vitu vikapita bei ya dolare milioni 1. Kisha akapanda mashua, akavuka bahari mupaka Ulaya na Athens, ku Ugiriki. Ku Roma, Papa Pio wa 11 alimupokea. Alikuwa na miaka 9, karibu 10. Wafalme wachache sana walipokelewa na watu wengi kama ule mutoto.

Lakini mutoto hawezi kubaki mutoto, hata kampani yote ikikula juu yake. Nywele zake ndefu, zilizokatwa sawa mbele ya macho, zilikuwa alama yake. Mu 1927 wakazikata, na kompani ikafanya kitendo kile kuwa filme: Johnny Get Your Hair Cut. Watu wakaenda kuangalia. Mutoto wa miaka 12 akatoka mu kiti cha kinyozi, na ule wa The Kid akabaki chini, pamoja na nywele.

Mu 1930 alirudi mu sinema ya sauti na Tom Sawyer, na mu 1931 na Huckleberry Finn. Zilikwenda muzuri. Baadaye simu za studio zikaanza kunyamaza. Watoto wengine walikuwa wamefika. Mumoja wao alikuwa Jackie Cooper, na mu filme iliyomupa Cooper jina, Skippy ya 1931, kulikuwa pia Robert Coogan, mudogo wa Jackie. Tunamutaja Cooper hapa juu tutamukuta tena mbele.

Barabara ya San Diego

Tarehe 4 Mei 1935 Jackie alikuwa anarudi na baba yake toka kuwinda. Mu motokari walikuwa watu watano: baba akiendesha, Jackie, rafiki yake Junior Durkin aliyecheza naye mu Tom Sawyer na mu Huckleberry Finn, na watu wawili wengine. Ku upande wa San Diego motokari ilitoka mu njia ikapinduka. Wanne walikufa. Aliyebaki ni Jackie peke yake.

Pale ndipo hesabu ilianza kujulikana. Baba, hata na makosa yake, alikuwa njo musimamizi wa mali, na Jackie alikuwa akiamini feza yake inangojea. Mu Oktoba 1935 alifika miaka 21, umri wa ukubwa kwa sheria ya kule. Alingojea kuitwa na kupewa kile alichotumikia. Hakuna aliyemwita. Mama yake aliolewa na Arthur Bernstein, mutu aliyekuwa anaangalia mambo ya feza ya jamaa, na mali yote ilikuwa mukononi mwao. Wakati Jackie aliuliza, jibu lilikuwa fupi: hakuna chako hapa.

Feza iliyopita mu mikono ya jamaa ilihesabiwa kati ya dolare milioni 3 na 4. Sehemu kubwa ilikuwa imegeuka kanzu za manyoya, almasi na motokari za bei.

Kutafuta kicheko cha ukubwa

Basi mutu wa miaka 23 afanye nini? Afanye kazi anayoijua. Mu Novemba 1937 alikuwa ameoa Betty Grable, mucheza dansi kijana mwenye sauti na sura, ambaye bado hakuwa na jina kubwa. Kompani ya Paramount ikawatia wote wawili mu College Swing, mu 1938, filme ya vichekesho na nyimbo juu ya wanafunzi wa chuo kikuu. Mwaka uliofuata wakawatia tena mu Million Dollar Legs, tena wanafunzi, tena vichekesho.

Ukiangalia majina mu College Swing utaona tabu ya Jackie mara moja. Kulikuwa George Burns na Gracie Allen, bwana na bibi ambao Marekani yote iliwasikia mu redio. Kulikuwa Martha Raye, mwanamuke wa kinywa kikubwa na sauti ya kubomoa nyumba. Kulikuwa Bob Hope, aliyeanza kupanda. Kila mumoja alikuwa na chombo chake cha kuchekesha, alichokinoa miaka mingi. Jackie alikuwa na nini? Alikuwa na jina. Studio ilimuweka ndani kama unavyoweka picha ya zamani ku ukuta, wageni waione, kisha waendelee na maongezi yao.

Na kulikuwa neno lingine. Mu Aprili 1938, wakati ule ule, Jackie alimushitaki mama yake na Bernstein ku tribinali ya Los Angeles. Magazeti yakajaa. Mama alijibu kwamba hakuna ahadi yoyote iliyofanywa ya kumupa kitu, na kwamba mutoto hakuwa akitumika, alikuwa anacheza tu mbele ya mashine ya picha na kufurahi. Baba aliyekuwa akimutisha ili alie alikuwa amekufa, hakuweza kuitwa kushuhudia kama ule ulikuwa muchezo ao kazi.

Sheria ya California ilikuwa upande wa mama. Iliandikwa mu karne ya 19, kwa watoto wa mashamba, na ilisema wazi: feza ya mutoto asiyefika umri ni ya wazazi. Mutoto anayekamua ngombe, maziwa ni ya nyumba. Hakuna aliyefikiri siku moja mutoto atakamua dolare milioni.

Tuwaze sasa watu waliolipa tikiti kuona Million Dollar Legs mu 1939. Asubuhi wamesoma mu gazeti namna mutoto waliyemupenda alivyoibiwa na jamaa yake mwenyewe. Mangaribi wanaingia sinema, na ule ule mutu anawaomba wacheke. Huruma na kicheko havikai ku kiti kimoja. Chaplin aliweza kuvipanga mu The Kid, kimoja kisha kingine, kwa kazi ya miezi tisa. Filme ya haraka ya studio haikuweza.

Kesi ilimalizika kwa mapatano mu 1939. Jackie alipata dolare 126,000. Juu ya milioni zile, ni sawa mutu aliyechimba mwaka muzima na kulipwa siku za juma moja. Ndoa nayo ikavunjika mule mule mu 1939. Betty Grable alikwenda ku kompani ingine, na kisha miaka michache picha yake ilikuwa imebandikwa ku kitanda cha kila askari Mumarekani. Bibi alipanda, bwana alishuka, na walikuwa wameanza mu filme moja. Wakati Jackie alipokuwa chini, inasimuliwa alikwenda kwa Chaplin kuomba musaada, na Chaplin akamupa dolare 1,000 bila kuuliza.

Sheria yenye jina lake

Kesi ile haikumurudishia mali, lakini iliamusha watu. Mu mwaka ule wa 1939 bunge la California lilipitisha sheria ya watoto wa sinema, na watu wakaiita Sheria ya Coogan. Ilipa juji uwezo wa kuamuru sehemu ya feza ya mutoto iwekwe pembeni, mupaka afike ukubwa. Haikuwa sheria kamili. Ilishika kontra zile tu zilizopelekwa mbele ya tribinali, na wenye akili walijua kupita pembeni. Ilingojea mupaka tarehe 1 Januari 2000 kwa kunyooshwa: sasa kule feza ya mutoto ni ya mutoto, si ya muzazi, na sehemu 15 mu 100 lazima iingie mu banki, ku hesabu iliyofungwa, ambayo hata baba hata mama hawezi kuigusa. Ile hesabu ya banki mupaka leo inaitwa kwa jina la Coogan. Watoto wengi wa sinema wanalala vizuri juu ya shimo alimoanguka yeye.

Ndeke bila mashine

Mu 1941, mbele Marekani haijaingia mu vita, Jackie alijiandikisha askari. Alijifunza kuendesha ndeke zisizo na mashine, zile zinazovutwa kwa kamba na ndeke kubwa, kisha kamba inaachwa na rubani anashuka kimya kimya. Ni kazi isiyo na kurudi nyuma: ukikosa uwanja, hakuna moto wa kukupandisha tena.

Tarehe 5 Mars 1944, usiku, alikuwa mumoja wa marubani waliobeba askari wa Waingereza mupaka ndani ya pori la Burma, nyuma ya mistari ya Wajapani, kushuka mu kiwanja kidogo kati ya miti. Burma ile ndiyo wazee wa Afrika ya Mashariki wanaiita Bama, walikopigana askari wa KAR, na walikofika pia waganga na wabeba wagonjwa wa Force Publique toka Congo yetu. Wengi mu ndeke zile walikufa mu kushuka. Jackie alishuka muzima. Mutu aliyecheza mbele ya mashine ya picha, sawa mama alivyosema mbele ya juji, safari hii hakuna aliyeweza kusema alikuwa anacheza.

Kilroy na mwenzake

Alirudi ku Hollywood akiwa na miaka 31. Nywele zilikuwa zinatoka, mwili umeongezeka. Kule alimukuta Jackie Cooper, ule tuliyemutaja, naye ametoka mu jeshi la baharini. Cooper alikuwa ameteuliwa juu ya zawadi ya Oscar akiwa na miaka 9, na naye sasa alikuwa mukubwa bila kazi ya maana. Kompani ndogo ya Monogram, inayojulikana kwa filme za bei ya chini na za haraka, ikapata wazo: tuwaweke Jackie wawili pamoja, watu watakuja kuona watoto wao wa zamani wamekuwa namna gani.

Filme ya kwanza ilitoka mu 1947, Kilroy Was Here. Jina lile lilikuwa neno ambalo askari wa Marekani walikuwa wanaliandika ku kila ukuta mu vita. Cooper ni askari aliyerudi anayetaka kuingia chuo kikuu na anateswa juu ya jina lake Kilroy. Coogan ni rafiki yake. Mu 1948 ikafuata French Leave, wawili hao wakiwa wanamaji wanaoshuka Marseille. Pale hadisi ikafungwa. Ya tatu haikuwa.

Juu ya nini ilishindwa? Wengine wanasema Jackie hakuwa na zawadi, iliisha pamoja na meno ya utoto. Sisi hatukubali, na mbele kidogo tutaonyesha sababu. Tunaona mambo matatu.

La kwanza, wazo lilikuwa la kuuzisha ukumbusho, si la kuchekesha. Mutu analipa mara moja kuona ule mutoto amekuwa namna gani. Akisha kuona, ameona. Mara ya pili anataka kitu cha kucheka.

La pili, kicheko cha mutoto na cha mukubwa si kazi moja. Mu The Kid tulicheka juu ya kitoto kinachofanya mambo ya ukubwa: kinapika, kinahesabu feza, kinapigana sawa mwanaume. Udogo wake ndio uliokuwa chombo. Mukubwa akifanya mambo ya ukubwa, nani atacheka? Chombo kilibaki mu miaka ile, na hakuna aliyemufundisha kingine. Tangu miaka 4 alijifunza kurudilia kile anachoonyeshwa. Kutafuta mwenyewe hakufundishwa. Wale waliomusimamia walikuwa na haraka ya kuvuna, si ya kulima.

La tatu, kila mara walimupa nafasi ya mutu wa kawaida, kijana muzuri, rafiki wa musimuliwa. Waliogopa kuharibu sura ambayo watu waliipenda. Kumbe ile sura ndiyo iliyokuwa mulango uliofungwa.

Kichwa bila nywele

Miaka ya 1950 alipita ku televizio, kazi hapa, kazi pale, mu filme za wapanda farasi na kwingine. Alikuwa anatumika sawa fundi yeyote: siku inapokuja, unabeba vyombo unakwenda.

Mu 1964 televizio ya Marekani ikaanza The Addams Family, vichekesho juu ya jamaa ya watu wa ajabu wanaopenda kaburi, giza na nyoka, na wanaona ni wengine wenye wazimu. Ndani kulikuwa muzee Fester, mufupi, munene, macho yamezungukwa na weusi, kichwa bila unywele hata mumoja, na anapotia taa ya umeme mu kinywa inawaka. Jackie alinyoa kichwa chote, akavaa kanzu ndefu, akawa Fester. Dunia ikacheka tena. Watoto waliokaa chini mbele ya televizio hawakujua kabisa ule muzee ni nani, na wazazi wao hawakumutambua mupaka waambiwe.

Angalieni namna mambo yalivyokwenda. Mu 1927 walimukata nywele, kazi ikaanza kufa. Karibu miaka 40 baadaye akazinyoa zote, kazi ikafufuka. Safari hii hakuna aliyetafuta ule mutoto mu uso wake, juu uso wenyewe hakuuleta. Alileta kitu kipya, na mule ndani ile zawadi ya zamani ikaonekana: mikono, macho, mabega. Ndiyo sababu tulisema zawadi haikuisha. Ilifungiwa ndani ya sanduku lenye picha ya mutoto ku kifuniko. The Addams Family ilikwenda mupaka 1966, na mupaka leo kuna kwetu watu wanaoijua kwa Kifaransa.

Mu 1972 Chaplin, muzee wa karibu miaka 83, alirudi Marekani kisha miaka 20 ya kuwa mbali, kupokea zawadi ya heshima. Kati ya watu waliokwenda kumupokea alikuwa Jackie. Mukubwa wa kichwa kisicho na nywele na muzee wa nywele nyeupe wakakumbatiana. Mu 1921 Charlot alikimbia juu ya mapaa ya nyumba kumunyanganya mutoto ule mu mikono ya watu wa yatima. Mu maisha ya kweli hakukuwa na paa la kukimbilia.

Jackie Coogan alikufa tarehe 1 Mars 1984 ku Santa Monica, moyo ulisimama. Alikuwa na miaka 69. Aliacha watoto wane.

Neno letu

Wazee wanasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya Jackie ilikuwa na daftari, lakini daftari lilikuwa mukononi mwa wengine, na yeye hakufundishwa kulisoma.

Kwetu hakuna mutoto wa dolare milioni. Lakini kuna mutoto anayeimba mu harusi na kutupiwa feza, kuna anayecheza mupira na tayari wakubwa wawili wanamugombania, kuna anayeuzisha maji ya baridi ku barrière, na kuna, tuseme wazi, anayeosha majiwe ya mine ku muto wakati wenzake wako masomo. Nyumbani tunasema ni musaada kwa jamaa, na mara mingi ni kweli, sufuria inangojea. Lakini tujiulize neno lile juji wa Los Angeles aliulizwa: huyu mutoto anacheza, ao anatumika? Kama anatumika, iko wapi sehemu yake, na nani ataimuonyesha siku atakapokuwa mukubwa? Na huku anatusaidia leo, nani anamufundisha kazi ya kesho, wakati mukono wake mudogo hautaingia tena mu tundu?

Jackie alijibu swali la pili kwa kuchelewa, kisha kushindwa mara ine, na alikuwa na miaka 50 karibu. La kwanza lilijibiwa na sheria yenye jina lake, juu ya watoto wa wengine.